Kobe Mwenye Mafua

Siku ile, mwanangu, sijaisahau hadi leo. Na umenikumbusha mwenyewe asubuhi hii, uliposema kuna mtu anakuja kuchukua kobe wawili na mmoja wao hajala tangu juzi. Hebu kaa hapo. Simu iweke chini kwanza.

Nilikuwa msichana wa umri wako, hapa hapa Kariakoo, uani kwetu kumejaa kobe. Wanataga, wanatotoa, nami nawalisha mabaki ya mchicha ya sokoni. (Enzi hizo tulifuga tu, wewe una kibali, kitunze.) Jirani yetu alikuwa Mangi, Mchagga wa Rombo, mwenye duka. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti yao Ndeshi kobe mmoja mkubwa aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Mtoto alimwita "wa mama", na chakula hagusi mpaka kobe ale kwanza. Siku hiyo Mangi akanijia: "Zuhura, nipatie mmoja, wa mama apate mwenzake."

Nikamchagua niliyetaka kumwondoa! Alikuwa na mapovu puani, siku ya pili hali kitu. Nikamfuta pua kwa ncha ya kanga, nikampaka mafuta ya nazi gambani mpaka akang'aa kama kiatu cha Idi.

"Anakula?" Mangi akauliza.

"Anakula vizuri tu."

Basi, hakuuliza zaidi. Hata kumgeuza hakumgeuza, akaenda kumtia moja kwa moja na yule wa mama.

Hapo raha ikaniisha. Kila asubuhi najifanya nimefuata sukari: shikamoo Mangi, kobe hawajambo? Siku ya tano akaniambia wa mama amevimba macho, anahema mdomo wazi. Nilijua, mwanangu, nilijua kabisa, na bado nikabeba sukari yangu nikaondoka. Mjinga mimi, naogopa aibu!

Siku ya saba nikamkuta daktari wa mifugo dukani, kampakata wa mama. Akamuuliza Mangi, "Huyu mgeni alikuja na mafua?"

Mangi hakufikiri hata kidogo. "Hapana, daktari. Katoka kwa Zuhura huyo. Angekuwa mgonjwa, angeniambia."

Nami nimesimama pale pale, mkono juu ya kaunta! Daktari akamchoma wa mama sindano, na alipokuwa akifunga mkoba wake ndipo nikafungua mdomo. "Alikuwa nayo," nikasema. Akaufungua tena, akamchoma wa mama sindano nyingine. Kesho yake mchana wa mama akafa. Yule wangu akapona.

Mangi hakunifokea, na afadhali angefoka. "Ungeniambia ana mafua, Zuhura, ningemchukua hivyo hivyo, nikamweka peke yake. Na mimi nimekosa. Sikumkagua, sikumtenga." Ndeshi alikuwa mlangoni, ananitazama. "Dada, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Hakuniamkia tena mpaka walipohama.

Sasa nisikilize. Huyo asiyekula hatoki leo. Na mwenzake pia hatoki, maana wamelala boksi moja. Wapeleke wote kwa daktari. Mnunuzi mwambie wewe mwenyewe kabla hajakuuliza, na siku atakapowachukua, mwambie awatenge na kobe wake wengine miezi miwili mitatu, awaangalie pua, macho na choo. Na siku wewe ukiwa mnunuzi, uliza mpaka muuzaji akuchoke. Kobe mgeuze, mtazame akila mbele yako. Muuzaji akinuna, aga uende zako. Usimwone haya mtu, halafu mnyama ndiye alipe.

Haya, chukua simu umpigie, nakusikiliza hapa hapa. Mungu akupe moyo wa kusema kabla hujaulizwa, mwanangu, na akuepushe na siku ya kuulizwa na mtoto kama ulikuwa unajua.