Ndama Aliyeogeshwa kwa Sabuni ya Jumapili

Kwa miezi saba nililea ndama nyuma ya jiko langu hapa Lweba, kando ya ziwa, na sioni aibu kusema kwamba nilimdekeza vibaya. Mama yake alikufa akimzaa pembeni ya shamba langu la muhogo, siku ambayo ng'ombe walikuwa wakishushwa kutoka milimani. Mwenye ng'ombe, mama mmoja mfugaji ambaye zizi lake liko upande wa juu wa barabara, wakati ule hakuwa na ng'ombe mwingine mwenye maziwa. Mimi nilikuwa na mbuzi wawili waliozaa, na biberoni, chupa ya kunyonyea, ya mjukuu. Tukakubaliana palepale kwamba akipona atakuwa wetu sote wawili, na akikua ataingia zizini pamoja na wenzake.

Alipona, tena kwa kishindo. Nilimfungia kwenye ua wa matete, akajifunza kuutoboa kwa kichwa; bwana yangu akajenga wa pili, nao akautoboa. Alikula sombe ya jirani, majani yake yote ya muhogo, akatafuna kikwembe cha kujifunga kilichoanikwa, na alfajiri alilia mpaka watu wakaamka kabla ya kengele ya kanisa. Bwana yangu alivumilia, kisha akatoa neno la mwisho: aende zizini wiki hiyo, na ng'ombe wakimkataa, yeye hajengi ua wa tatu, anamwita mchinjaji. Bwana yangu hatanii kuhusu nyama.

Niliogopa kwelikweli. Zizi lile linachanganya ng'ombe wa familia kadhaa, na mkubwa wao, jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, alijulikana kwa kufukuza wageni. Mama mfugaji alinituliza. Alisema kwanza wajuane kwa pua: kwa siku tano nimpelekee majani ambayo ndama amelalia, ayatandaze zizini. Basi kila asubuhi nilipita na majani yenye mkojo kichwani, mbele ya watu waliokuwa wakienda sokoni, wakanicheka wakashiba. Siku ya kwanza yule jike mwekundu aliyatawanya kwa pembe. Siku ya tano aliyalalia, nami nikarudi nyumbani nikiimba.

Sasa, mimi nililelewa na mama ambaye hakuwahi kumpeleka mtoto wake kwa watu bila kumwogesha. Iwe harusi, iwe matanga, iwe shule, kwanza maji na sabuni. Asubuhi ya siku yenyewe nikamshusha ndama ziwani, nikamsugua kwa sabuni yangu ya kunukia, ile ya Jumapili, masikio mpaka kwato. Alitoka anang'aa. Nikavaa vizuri na mimi, tukapanda barabarani, bwana yangu akitufuata na kamba mkononi, ile ya kumpelekea mchinjaji.

Lango lilipofunguliwa, jike mwekundu alikuja, akanusa mara moja, akampiga ndama ubavuni akamwangusha. Wengine wakamzunguka wakipuliza pua. Ndama akakimbilia kwenye miti ya zizi akinililia mimi, na moyo wangu ukapasuka. Bwana yangu alianza kuikunjua kamba polepole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mama mfugaji aliingia, akainama, akanusa shingo ya ndama. Kisha akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Mama, uliosha huyu mutoto na sabuni?"

Nikamjibu kwamba anakwenda kwa wenzake, ningemletaje mchafu?

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Siku tano tulibaonyesha huyu ni nani. Leo umeleta mwengine, mwenye anaenda ku kanisa."

Akanionyesha kinyesi kibichi cha ng'ombe chini: hicho ndicho kingefuta harufu ya sabuni. Alisema ndama hatatulia kwenye mikono ya mtu mwingine, kwa hiyo kazi ni yangu. Nikafunga kikwembe changu kipya kiunoni, nikachota kwa mikono miwili, nikampaka mgongo, ubavu, shingo na uso. Mama mfugaji akaongeza samadi kavu kwenye moto wa zizi, nami nikasimama na ndama katikati ya moshi, nimemkumbatia shingo, sote tukikohoa. Bwana yangu alikuwa amekaa chini, hoi kwa kicheko.

Jike mwekundu akarudi. Alinusa mgongo, akanusa shingo, akabaki hapo kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka. Halafu akatoa ulimi. Alimlamba ndama sikio, akashuka shingoni, akafika kwenye mkono wangu, akaulamba na wenyewe. Nikataka kuuvuta.

"Usitoe mukono, mama," yule mfugaji aliniambia taratibu. "Na we amekukubali."

Nikauacha. Bwana yangu akainuka, akaitundika ile kamba langoni, tukaondoka bila hiyo.

Jioni alinitengea ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni ileile. Ua wa matete ulikuwa kimya. Nilikaa kando ya ndoo nikinusa mikono yangu, nimefurahi na machozi yananitoka, mpaka maji yakapoa.