Chachu Iliyotupwa Nyumbani kwa Bachisio

Kunapokucha tu, Bonaria Scanu anausukuma mlango wa makumbusho kwa bega, maana mbao zimevimba kwa unyevu wa Januari na hakuna aliyejali kuzikwangua. Anaweka ndoo chini. Anawasha taa ya jikoni, na papo hapo ndani ya tanuri inawaka balbu nyekundu, ile iliyowekwa ili wageni wadhani kuna moto.

“Takataka wee,” anaiambia balbu, kisha anaanza kupiga deki.

Kila siku ya zamu yake kazi huanza hivyo. Wiki hii matusi yameongezeka.

Bonaria ana umri wa miaka sitini na mitatu. Anafanya usafi katika nyumba alimozaliwa Bachisio Onnis, mwanafikra wa siasa ambaye vitabu vyake vinasomwa vyuo vikuu, na ambaye hapa Orosai, kijiji cha milimani katika kisiwa cha Sardinia, Italia, bado anaitwa mtoto wa Luisica. Mabasi huja na wanafunzi, maprofesa na wazee wa vyama vya wafanyakazi. Wanalipa euro tano, wanatazama kitanda, miwani na viatu, halafu wanapigwa picha jikoni chini ya maneno yake, yaliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa: “Maana ya ‘yetu’ niliijua mbele ya tanuri la mama, kabla sijajua kusoma.”

Mbele ya tanuri hilo sasa kuna kioo.

“Ona,” anasema Bonaria huku akikunja mkono wa sweta. Kovu refu limekatiza juu ya kiwiko. “Niliungua hapo hapo nikiwa mtoto, namsaidia mama yangu kutoa mikate. Leo nikitaka kulisogelea nilipe euro tano. Mimi! Kwa tanuri lililonibabua!”

Luisica, mama yake Bachisio, aliacha neno kabla hajafa kwamba tanuri ni la mtaa, na wanawake wa mtaa waliendelea kuoka humo hata baada ya ukoo wa Onnis kuhamia mjini. Miaka kumi na miwili iliyopita watu walikutana ukumbini wakapiga kura kuikabidhi nyumba iwe makumbusho, kwa sharti moja. Kila mkesha wa Mtakatifu Antoni, kijiji kinapowasha moto mkubwa uwanjani, tanuri nalo liwashwe, mkate wa sikukuu uokwe. Sharti lilitolewa kwa mdomo tu. Liliheshimiwa mpaka alipokuja mkurugenzi wa sasa, Daktari Gianmario Pilloni, akaja na kioo chake.

Kilichobaki kikawa chachu.

Chachu ya mtaa huu haina mwenyewe. Ni donge la unga uliochacha, hulishwa unga na maji lisife, na anayetaka kuoka huchukua na kuacha kipande kwa atakayefuata. Tangu zamani hulala katika nyumba yenye tanuri, ndani ya bakuli la udongo lenye ufa, chini ya kitambaa. Bakuli hilo limewekwa kwenye maonyesho, mezani pale jikoni, nyuma ya kamba. Bonaria hakuona sababu ya kuihamisha chachu. Akawa anailisha kila amalizapo deki, wala hakumwambia mtu.

“Kibao kimeandikwa USIGUSE,” anasema. “Nikajua iko salama. Nani angegusa?”

Aligusa mkurugenzi.

Alhamisi iliyopita alikuwa akiwatembeza wakubwa kutoka mjini. Akainua kitambaa wapate kuliona vizuri bakuli la mama wa mwanafikra, harufu kali ikampanda puani.

“Nini hii?”

“Chachu,” alijibu Bonaria kutoka mlangoni, fagio mkononi.

“Chachu ya nani?”

“Ya mtaa.”

“Bi Bonaria, hapa ni makumbusho, si jikoni kwa mtu. Hiki ni chombo cha kale, wewe unakijaza uozo?”

“Uozo? Hiyo imekula jana asubuhi, Daktari. Iko hai kuliko kila kitu humu ndani, na wewe ukiwemo.”

Wageni wakacheka, na pengine kicheko hicho ndicho kilichoiponza chachu. Mkurugenzi alilichota donge kwa vidole vyake viwili kama mtu aliyeshika panya mfu, akalitosa ndani ya ndoo ya deki, kwenye maji yenye dawa ya sakafu. Kesho yake bakulini kulikuwa na donge la jasi lililopakwa rangi ya unga.

Alipopigiwa simu na gazeti hili, Daktari Pilloni alisema hana ugomvi na mila za wenyeji, ila kanuni za usafi na uhifadhi zinambana. Akaongeza kwamba mwaka huu wageni watawekewa skrini ya kuwaonyesha jinsi mkate ulivyookwa zamani. Zamani, katika mtaa ambao waokaji wake wako hai na wanakaa mlango wa pili.

“Sikulia,” anasema Bonaria. “Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaupiga ukuta teke mpaka kidole kikavimba. Na mwenyewe pia nilijikasirikia, maana nilijua sasa itanibidi niende kwa nani.”

Wanawake wengine wa mtaa siku hizi hununua mkate dukani. Aliyebaki na kipande cha chachu ile ni mmoja, Desolina Murru, jirani wa ng’ambo ya barabara, aliyekipeleka nyumbani akawa anaoka kwenye jiko lake la gesi. Na Desolina ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono siku ya kura. Tangu siku ile Bonaria hakuwahi kumpa hata salamu.

Jumapili, baada ya misa, alibisha hodi.

“Nani?”

“Mimi.”

“Mimi nani?” aliuliza Desolina, na alikuwa anamwona vizuri tu dirishani.

“Usinichoshe, Desolina. Fungua, baridi.”

“Loo! Miaka yote hii baridi hukuisikia, umeisikia leo?”

Lakini alifungua, na Bonaria akamweleza akiwa bado amesimama kizingitini.

“Kwenye ndoo ya deki?”

“Kwenye ndoo ya deki.”

Desolina alimtukana mkurugenzi matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kisha akatulia. “Na mimi ndiye niliyeinua mkono,” akasema. “Walituambia tanuri litakuwa letu zaidi. Nikawaamini, mjinga mimi.”

Akaingia jikoni, akarudi na donge limefunikwa kitambaa. Hapa Orosai chachu haishukuriwi. Wanasema ukiishukuru umeifanya mali ya mtu, nayo itagoma kuumuka. Bonaria akafungua mdomo.

“Thubutu!” Desolina akamkaripia. “Liseme hilo neno nikuzabe kofi.”

Bonaria akaufunga mdomo, akavuka barabara na donge lake chini ya koti.

Sasa chachu iko nyumbani kwake kando ya jiko, imeumuka mpaka inasukuma kitambaa, na mkesha wa Mtakatifu Antoni ni wiki ijayo. Funguo za makumbusho anazo, ila hataki kuzitumia. “Mwizi si mimi,” anasema. Mpango wake ni kwamba wanawake wa mtaa wataingia mchana kweupe, kila mmoja na tiketi yake, na unga chini ya shali. Mume wa Desolina atakuja na bisibisi ya kufungulia kioo. Balbu ataitoa Bonaria kwa mkono wake.

Anajua atafukuzwa. Kazi hii inamlipa kama euro mia nne kwa mwezi, hana nyingine, na paa lake linavuja.

“Tuyaandike haya?” anaulizwa.

“Andika! Namtaka asome. Akija atukute tumeshawasha.”

“Na akiuliza nani kawaruhusu?”

Bonaria anainua mpini wa fagio, anaugonga ukutani juu ya tanuri, kwenye zile herufi kubwa anazozipangusa vumbi kila zamu.

“Atazame juu,” anasema. “Au na yeye bado hajajua kusoma?”