Matuta Aliyoyakataa Mama

Mwalimu wetu wa jiografia kule shule ya Giakanja alipenda Amerika kupita kiasi. Uhuru ulikuwa umepatikana miaka michache tu, lakini sisi wa kidato cha tatu tulikariri mashamba ya ngano ya Kanada, na mmomonyoko wa udongo tukafundishwa kwa picha ya korongo la Amerika. Nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, hata shamba yetu iko na korongo kama hiyo."

"Hiyo haiko kwa mtihani. Kaa chini."

Nilikaa, lakini damu ilinichemka. Shamba letu lilikuwa mteremko mtupu hadi mtoni. Kila masika udongo mwekundu ulishuka, mizizi ya kahawa ikabaki nje, na kahawa hiyo ndiyo iliyotulisha na kunisomesha. Dawa yake ilikuwa kitabuni: matuta ya kukata mteremko ili maji yatulie.

Jumamosi moja nilichukua jembe nikaanza kuchimba. Mama alikuwa akikata nyasi za ng'ombe. Akaja mbio.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mama. Tumefunzwa shule. Bila matuta shamba itaisha."

"Ati shule?" Alininyang'anya jembe. "Hii shamba ilikuwa na matuta. Wakati wa mzungu tulichimba kwa lazima, wewe ukiwa mgongoni, askari nyuma na kiboko. Ukilia, sikubaliwi kukunyonyesha. Uhuru ikakuja, mimi na baba yako tukabomoa yote. Mtoto yangu hatachimba hiyo kitu nikiwa hai."

Nilikasirika vibaya sana. Si kwa Mama. Yeye alikuwa na haki yake. Nililikasirikia somo lililojua kila kitu kuhusu udongo ila watu waliolazimishwa kuuchimba. Mtoto hufundishwa jiografia ili aelewe anapokanyaga na anaoishi nao, la sivyo tunamaliza chaki bure. Kitabu kile hakikuwa na mstari hata mmoja wa kumjibu mama yangu.

Mtihani uliuliza njia za kuzuia mmomonyoko. Nilizieleza zote, nikawa wa kwanza darasani. Siku chache baadaye mvua kubwa ilishusha upande mzima wa shamba, kahawa na viazi, hadi mtoni. Mama alisimama pale ukingoni, amejifunika gunia, akiutazama udongo ukienda.

"Huko shule," akaniuliza polepole, "wanafunza vile inarudishwa?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Kurudisha hawafunzi."