Chumba Alichokiruka Kobe

Fundi umeme mmoja watu walimbatiza jina la Kobe, maana akisemeshwa tu shingo huzama mabegani. Lakini kazi aliijua. Swichi ya usalama, ile inayokata umeme wa nyumba nzima ukivuja, ikijizima kwa mtu, yeye huchomoa kila kitu, hushusha breka zote, kisha huzipandisha moja moja hadi mkorofi ajulikane.

Kwa mama mkwe wake pia alifanya hivyo, ila chumba kimoja alikiruka. Soketi za jikoni na za chumba cha kulala zilitumia breka moja, na pazia la chumbani lilikuwa limeshushwa. Mkwe mzima aingie anakolala mama mkwe wake? Hata kumwomba yeye mwenyewe achomoe vya huko, ulimi ulikataa.

Mama mkwe akaingia chumbani kujinyoosha, amwachie fundi nafasi. Kobe akachomeka friji. Tap! Swichi ikaanguka. Akaichomoa friji, mama akainuka kuja kuchungulia, na swichi ilipopandishwa umeme ukarudi na kutulia.

"Friji hii," Kobe akanong'ona.

Basi. Friji ilikuwa imeletwa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Jioni hiyo hiyo mke wa Kobe akampigia kaka yake simu: "Yaani mama yako mzazi unamletea bomu ndani ya nyumba?" Friji ikatupwa uani, kuku wakahamia ndani yake. Shemeji akasusa, kwa mama yake hakukanyaga tena.

Wiki ile ile swichi ikaanza upya. Mama mkwe akamwita Kobe, mkewe akafuatana naye.

"Mkwe wangu," mama akasema, "friji iko nje na kuku, na umeme bado unaruka. Nami nimegundua kitu. Nikikaa kitandani tu, giza."

Kobe alihisi masikio yanawaka. Kitandani! Chini ya pazia aliona waya wa ekstensheni ukipita sakafuni mwa chumba kuelekea huko.

"Ulikagua chumbani?" mkewe akauliza.

Shingo ikazama mabegani.

"Kobe, si nakuuliza?"

"Niliona haya."

Mama mkwe akalifunga pazia fundo. "Ingia, baba. Mimi nakaa hapa mlangoni, wala sikuli."

Akaingia amejikunja kama mwizi. Akashusha breka, akachomoa waya, akanyanyua mguu wa kitanda. Waya ulikuwa umebanwa chini yake, ngozi imechanika, shaba inaonekana, na sakafu yenyewe ina unyevu. Mtu akikaa, kitanda kinaukandamiza kwenye unyevu, umeme unavuja. Akaukunja ule mbovu, akapandisha breka, akamwomba mama akae. Mama akakaa, akajitupa kidogo kama mtoto. Taa hazikutikisika.

"Kumbe mwanangu alikuwa hana kosa," mama akasema taratibu.

Maneno hayo yalimchoma Kobe kuliko waya wowote. Mkewe akatoa simu. "Ngoja nimwambie kaka."

"Lete," Kobe akasema. "Niliyesema friji ni mimi."

Simu ikapokelewa. "Haya, leo dada una tusi gani?"

"Ni mimi, shemeji. Kobe."

"Kobe unapiga simu? Kuna msiba?"

"Hakuna. Friji yako nzima. Ubovu ulikuwa chumbani kwa mama, na mimi sikuingia. Nilikusingizia."

Kobe hakukata, alisimama vivyo hivyo, jasho likimtiririka, shingo nje, akingoja atukanwe.

"Mama yuko hapo?" shemeji akauliza mwishowe. "Mwambie nakuja. Na wewe usiondoke. Hao kuku utawatoa mwenyewe."