Inchi Mbili za Mama

Jumamosi nilikuwa gereji kule Industrial Area ya Doha nikingojea breki zangu, kijana mmoja Mkenya akaleta gari lake kuukuu la kuendea jangwani.

"Fundi, weka springi ndefu, liinuke inchi nne," akasema, akilipiga boneti kofi. "Nimechoka kukwama kwa mchanga."

Fundi, naye Mkenya, hakushika spana. Alimtazama mama wa yule kijana, aliyekuja kutoka nyumbani Kenya kulea mjukuu. Alikuwa ameketi juu ya tairi, leso kiunoni.

"Na huyu mama atapandaje?"

"Mama haendi jangwani."

"Nani amekwambia siendi?" mama akauliza.

Fundi akafungua mlango. "Mama, hebu inua mguu vile unaweza." Mama akainua. Fundi akapiga magoti, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye soli ya kiatu.

"Inchi mbili, boss. Na ukifika kwa mchanga, punguza upepo kwa tairi. Hutakwama."

Kijana akampa fundi ufunguo.

Nimekaa Doha vya kutosha kuona wengi wetu wakiinuka kimaisha. Anayepima kwanza mguu wa mama, nimemwona huyo fundi tu.