Kiti Alichokipima Wifi

Wifi yangu hajui kukaa bure. Hata akija kwetu kula, ataukagua mpini wa sufuria, aulize kwa nini umelegea, na kabla chai haijapoa ameshalifungua jiko langu. Namtania kwamba alizaliwa na bisibisi mkononi. Ananijibu kwamba mimi nilizaliwa nikitanguliza mdomo. Kazi yake ni kupima programu katika karakana inayotengeneza viti vya magurudumu vyenye mota. Ndani ya kila kiti mna kompyuta ndogo kama kiberiti, na ndiyo inayoamua kiti kiende au kisimame.

Kaka yake ndiye mume wangu. Tangu aanguke kwenye jukwaa la ujenzi, miguu yake haifanyi kazi. Alikuwa na kiti cha kusukuma kwa mikono, lakini nyumba yetu iko juu ya mteremko mkali, na kurudi nyumbani ilikuwa lazima abebwe. Hakuna alichokichukia kama kubebwa. Mwanamume mzima, na ndevu zote zile, mikononi mwa majirani! Wifi akaapa kwamba kiti cha kwanza cha muundo mpya kitakuwa cha kaka yake.

Kwanza kilitakiwa kupimwa, na njia zilikuwa mbili. Katika ya kwanza, programu inaendeshwa ndani ya kompyuta ya mezani, na mota, breki na mlima vyote ni vya kuigiza. Kazi hiyo huisha kwa asubuhi moja. Katika ya pili, ile kompyuta ndogo yenyewe inaunganishwa kwa nyaya na mtambo unaoidanganya kwamba imebeba mtu mlimani. Mtambo ulikuwa mmoja karakana nzima, na foleni yake ilikuwa ya wiki nyingi.

"Chagua wewe," mkuu wake alimwambia. "Mimi nasaini tu."

Wifi alikuja kwetu na mawazo yake. Mume wangu akamwambia, "Mdogo wangu, nimechoka kubebwa kama gunia. Fanya ile ya haraka."

"Kaka, ya haraka ni ya kwenye skrini tu."

"Kwani skrini inasema uongo?"

Tulicheka wote watatu. Akachagua skrini.

Mlima wa kwenye skrini aliuandika mwenyewe. Breki ya kwenye skrini pia aliiandika mwenyewe, ikikamata papo hapo inapoamriwa. Mtunga mtihani na mtahiniwa walikuwa kichwa kimoja, sasa wangekosanaje? Kiti kikafaulu kila jaribio. Kumbe ile kompyuta ndogo, chaji ikipungua, hushughulika na betri na kuchelewa kuiamuru breki. Mtambo ungeliona hilo mapema kabisa.

Siku za mwanzo mume wangu alipanda na kushuka akipiga honi kwa mdomo, na mimi nilisimama mlangoni nikijiona tajiri. Kisha asubuhi moja alikuwa akishuka, akaachia kishikio cha kuendeshea ili asimame, na kiti hakikusimama. Kilikwenda naye mpaka kwenye ukuta wa chini. Bega la kulia likasagika. Daktari alituambia mkono ule hautafanya kazi tena.

Ningependa kumchukia wifi. Nimejaribu, nimeshindwa, na hasira yangu haina pa kwenda. Yeye alirudi karakanani, akapanga foleni, akakipima kiti kwenye mtambo mpaka breki ikaacha kukosea. Akatuletea.

"Kishikio nimekihamishia kushoto," alisema. "Safari hii nimekipima kwenye mtambo, kaka. Mara nyingi."

"Nakuamini," mume wangu alisema. "Lakini mimi sikipandi tena. Mpe mwingine asiyeweza kutembea."

Hata kile kiti cha kusukuma hawezi kukitumia tena, maana kwa mkono mmoja kinazunguka palepale. Kila asubuhi wifi hupita kwetu kabla ya kwenda kazini. Mimi nashika mabega, yeye anashika miguu, tunamtoa kitandani mpaka kwenye sofa ya dirishani. Hatutaniani siku hizi. Mume wangu hufumba macho mpaka tumalize.