Leseni Isiyotumika

Katika tawi la benki yetu hapa Uvira, kazi yangu ni kufuatilia leseni za programu: nani anayo, na kama anaitumia. Asiyeitumia kwa muda mrefu namnyang'anya. Kanuni hiyo niliipendekeza mwenyewe. Kazi hii nilijifunza peke yangu, ndiyo maana naogopa hata kosa dogo.

Asubuhi moja, ripoti ya programu ya kupigiana simu kazini ilitoa jina moja tu la mtu ambaye hajaongea na yeyote. Lilikuwa langu.

Niliona aibu. Nikampigia kwa programu hiyo mhasibu wa tawi la Kalemie, ambaye nilimjua kwa barua pepe tu.

"Eh, ni weye ule wa kukata watu leseni!" akasema. "Yangu iko inatumika, papa, usinikate!"

"Hapana, mama. Niko nakusalimia tu."

Akacheka. "Kunisalimia tu? Kweli? Haya, ziwa linasemaje huko?"

Nikamwambia limechafuka tangu mto Ruzizi ujae. Kisha nikaaga.

Jioni hiyo sikutulia. Nilikuwa nimepiga simu ili kuokoa jina langu, na kwangu hayo si matumizi. Nikaifuta leseni yangu.

Kesho yake mhasibu akaniandikia barua pepe: "Nilitaka kukurudishia salamu, lakini jina lako halionekani tena. Weye uko wapi?"

Nikafungua fomu ya kuomba leseni. Inataka uchague sababu. Fomu hiyo niliitunga mimi, na kusalimiana hakumo kati ya sababu nilizoziruhusu.